Baba Si Mgonjwa

Duka la miwani, meza ya nyuma,
Alhamisi, saa ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mdogo wako asiyeshika kalamu mpaka maji yamfike shingoni. Hujambo? Shemeji hajambo? Na lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi za kazini, limepata nafuu? Wapwa zangu nao wanaendeleaje? Kwenye picha ya mwisho yule mdogo alikuwa ameshakupita bega, nikasema huyu sasa hachapwi tena, anaombwa.

Sisi huku wazima. Wifi yako mzima, watoto wazima, mimi mzima. Baba naye ni mzima wa afya. Neno hilo la mwisho nakuomba ulishike kwa mikono miwili kabla hujaendelea kusoma, maana ndilo lililonifanya niandike.

Yawezekana barua ya Baba imekufikia kabla ya hii. Niliitia posta mwenyewe juzi, na nilisimama mbele ya lile sanduku kwa muda nikitamani kuichana. Sikuichana. Kama umeshaisoma na umeshalia, nisamehe machozi hayo kabla ya mengine yote. Kama bado iko njiani, basi ikifika usiijibu mpaka umalize kusoma hii.

Ningekupigia simu, lakini mimi na simu unatujua. Ningeuliza habari ya hali ya hewa, ningecheka, ningekata.

Mapema mwaka huu nilijiunga na chama cha watembea milimani. Cheka tu, haki yako. Kazi yangu unaijua: kutwa nimeinama kwenye gurudumu la kusagia vioo, vidole vimelowa maji, au natafuta sakafuni skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Mgongo ulikuwa umeanza kujikunja wenyewe. Chama kilitangaza safari nne za wikendi, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Unaondoka Jumamosi asubuhi na begi mgongoni, ndani mna hema, sufuria, blanketi na chakula, mnalala huko huko, mnarudi Jumapili mkinuka moshi. Kiongozi wetu anafanya kazi ya bima, kwa hiyo jina lake ni Bwana Bima, na ni mwangalifu kiasi kwamba hata kamba za viatu anazikagua.

Safari ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikafurahi kupita kiasi. Nina miaka arobaini na moja, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na watu wasiojua mimi ni mtoto wa nani. Nilipika chai mbaya wakainywa wakanishukuru.

Niliporudi nikafanya kosa la kumsimulia Baba. Safari ya pili yeye ndiye aliyefika wa kwanza pale tunapokutana. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani wa basi la shule maisha yake yote, nani angedhani ana miguu? Kweli ng'ombe hazeeki maini. Alipanda mlima akisimulia, akateremka akisimulia, sisi wengine pumzi hatuna. Wakampa jina la Injini. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshajua nani amegombana na mkewe na nani hapatani na bosi wake, na wote ameshawapa ushauri. Mimi nikawa Mtoto wa Injini. Mtu akitaka kunimiminia chai, kwanza ananiuliza kama Mzee ameshapata.

Safari ya tatu niliteleza kwenye mteremko nikakaa chini mbele ya watu wote. Baba akalichukua begi langu, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akaendelea na hadithi yake pale pale alipoiachia. Watu walicheka kwa mapenzi tu. Nami nilicheka, lakini ndani nilikuwa nimefura kama mtoto aliyenyimwa kitu.

Ikabaki ya nne, ndefu kuliko zote, na Bwana Bima ana sharti kwamba mgonjwa haendi. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kuwa daktari amemkataza Baba, ni moyo, na kwamba Baba mwenyewe hajaambiwa, kwa hiyo asimshtue. Maneno yalitoka laini, bila kujikwaa hata mara moja. Baba nikamwambia nafasi zimejaa. Alikuwa kwenye kiti cha jikoni anashona mkanda wa begi lake kwa uzi mnene. Akasema hakuna neno, akaendelea kushona mpaka akamaliza.

Bwana Bima aliahidi kunyamaza, na alinyamaza kwa namna yake: alimwambia mtu mmoja tu, Mama Mikate, mwenye tanuri la mikate, kwa kuwa ndiye mpishi wetu. Mama Mikate naye akamwambia mtu mmoja tu. Tulipofika kileleni watu wote walivua kofia, wakasimama kimya kwa ajili ya Baba. Niliinamisha kichwa pamoja nao, Dada. Wakati wa kushuka walinibebea sufuria. Waliniita kwa jina langu. Na mimi, bila haya, nilizifaidi hatua zote mpaka chini.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni kwetu. Wiki iliyofuata walikuja kumwona, kundi zima, na machungwa na supu ndani ya chupa ya chai. Baba alikuwa juu ya ngazi anabadilisha balbu ya barazani. Wakamteremsha kama wanateremsha yai. Mama Mikate akamshika mikono, akageukia ukutani. Baba akanitazama mimi. Nami nikacheka kile kicheko. Unakijua, ni kile nilichokuwa nikimchekea Mama alipotuuliza mbona anazidi kukonda.

Hapo Baba akaamini kwamba anakufa na kwamba sote tunajua. Kwa nini asiamini? Sisi ndio tuliomwambia Mama ana vidonda vya tumbo, huku tukijua anakufa. Daktari tulimpanga, majirani tuliwapanga, tukawa tunazungumza mipango ya mwakani mbele ya kitanda chake. Baba aliongoza, mimi nikafuata. Wewe peke yako ulisimama jikoni ukasema huyu ni mtu mzima, mwili ni wake, aambiwe. Tukakuita katili. Uliondoka kwenda huko mbali bila kuagana na Baba, na mpaka leo salamu zenu zinapitia kwangu.

Sasa amelala upande aliolala Mama, na hakuna tunachofanya asichokijua, maana mbinu zote ni zake.

Nilimwambia si kweli, akaitikia kwa kichwa. Nikampeleka kwa daktari akapimwa kuanzia kidole mpaka utosi, daktari akamwambia ana moyo wa kijana. Tulipotoka nje Baba akasema hata daktari wa Mama alikuwa mtu mpole sana. Mwisho nikampigia magoti nikamweleza yote, wivu wangu, uongo wangu, nilivyoinamisha kichwa kileleni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniwekea mkono begani akasema, "Umejipaka matope yote hayo ili mimi nisiogope. Wewe ni mwana mwema." Akanifuta machozi kwa kiganja chake.

Kwenye chama pia nilikiri mbele ya wote. Hawakunitukana, ingekuwa afadhali. Bwana Bima alisema tu nisihangaike kuja tena. Wenyewe walikwenda kumwomba radhi Baba, na wakampangia safari nyingine kwa ajili yake, aongoze yeye. Akawashukuru akakataa. Baadaye aliniambia watu wema namna ile hawapatikani, wamekubali kumdanganya mgonjwa ili amalizie kwa furaha.

Tangu hapo anaisha. Haumwi popote, ila anaisha. Sahani yake inarudi jikoni na chakula, nguo zinampwaya, viatu vya mlimani amempa jirani. Amemwonyesha wifi yako maji yanafungiwa wapi, na pampu ikigoma ipigwe upande gani. Ameacha kuwagombeza watoto, hata wakikanyaga kitanda chake na viatu. Alikuwa akibishana na mtangazaji wa redio kila jioni, sasa mtangazaji anasema atakalo na Baba anaitikia. Wifi yako ameniambia nimelikoroga, basi nilinywe, na siku hizi ananisemesha habari za sabuni na chumvi tu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya anayemzulia mtu mzima maradhi hawakusema lolote, labda hawakufikiri angetokea.

Aibu nimeshaizoea. Ninachoogopa ni kwamba mtu anaweza kufa kwa kuamini tu, na huyu ni baba yetu, na niliyemwaminisha ni mimi.

Sasa nikuambie habari ya barua yake. Hakunipa niisome, lakini alinieleza kilichomo. Anakuomba radhi kwa yale ya Mama. Halafu anakuuliza jambo moja, kama anakufa. Anaamini tumeshakuambia kila kitu. Aliniambia hivi: "Dada yako hafichi. Yeye akisema naishi, nitaamini."

Najua radhi hiyo umeingoja kwa muda mrefu, na inaniuma kwamba imekujia kupitia uongo wangu. Lakini yenyewe si ya uongo. Nilimwona akiiandika mezani, akichana karatasi na kuanza upya. Ipokee. Nami naongeza yangu, ambayo nilipaswa kuitoa zamani bila kusukumwa na balaa: ulikuwa sahihi, Dada. Tulimnyima Mama nafasi ya kutuaga.

Kwa hiyo nakuomba umjibu, na usimjibu kwa upole. Ukiweka hata neno moja la kubembeleza, atajua nawe umejiunga nasi, na hatabaki na mtu wa kumwamini. Mwandikie kama ulivyotusema siku ile jikoni. Mwulize kwa nini anamgawia jirani viatu vizima. Mwambie hana ugonjwa wowote, na kwamba mtu aliyemdanganya Mama ndiye aliyejifundisha kutoamini, basi asimlaumu mtu. Litamchoma, lakini atakula.

Limebaki moja, na kwa hilo naona haya kuliko mengine yote. Baba hakuwa mtu wa kutushika, hilo unalijua. Tangu aamini kwamba nimejitwika dhambi kwa ajili yake, nikirudi kazini ananivutia kiti karibu na kitanda. Ananiuliza vioo vya leo vilikuwa vigumu au vyepesi. Anasikiliza jibu. Ananiwekea mkono begani na kuuacha hapo tunapozungumza, na mkono wenyewe siku hizi ni mwepesi. Nilipaswa kukuandikia wiki iliyopita, Dada. Sikuandika, kwa sababu nilitaka jioni moja zaidi, halafu nikataka nyingine. Yeye anakonda, na mimi nahesabu jioni.

Basi usinitetee. Mwambie kwamba yale niliyomweleza nikiwa nimepiga magoti ni ya kweli yote, hata lile la wivu. Akikuamini atanyanyuka, na akinyanyuka huo mkono atauondoa, maana Baba namjua, hatanisamehe haraka. Mwambie hivyo hivyo.

Wifi yako anakusalimu sana, na salamu zake ni za moyoni, si kama zile anazonipa mimi kwa shingo upande. Watoto wanamkumbuka shangazi yao na wanauliza kama huko mnavaa makoti kweli. Nisalimie Shemeji, wabusu wapwa zangu, hata yule aliyekupita bega. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe maneno makali na mkono usiotetemeka.

Ni mimi nikupendaye, ambaye jioni hii pia atakwenda kukaa kwenye kile kiti,

Mdogo wako.