Mlango wa Tembe la Kwihara

Leipzig, Ujerumani ya Mashariki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni kaka Rajabu. Naye shikamoo yake. Goti linaendeleaje? Mvua zimefika hapo Ntalikwa, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, na jua likitoka halina nguvu ya kukausha hata leso.

Labda ndiyo maana nalikumbuka sana jua la kwetu. Unaikumbuka asubuhi tuliyohama Kwihara kwenda hapo Ntalikwa, kijiji cha ujamaa? Lori limeshapakiwa vinu na magunia, nawe umesimama barazani, hutaki kutoka. Nikakupiga picha, ya mwisho kwenye filamu. Baba alikuwa ameshajitoa kwenye picha. "Sura yangu ataitunza aliyeiumba," alisema, akaingia ndani. Masika yale nyumba yetu, lile tembe la udongo, likabomoka, naye baba, Mungu amrehemu, hakuyaona masika mengine.

Filamu ile nilikuja nayo huku ninakojifunza kusafisha picha. Juzi nikamwonyesha mwalimu wangu, Bi Helga. Akaiinua kwenye taa, akatikisa kichwa.

"Jua kali, kivuli kizito. Ukitaka mbingu, mlango utakuwa giza tupu. Ukitaka mlango, mbingu itabaki karatasi nyeupe."

"Navitaka vyote, mwalimu. Nyumba yenyewe haipo tena."

Bi Helga akanikatia kipande cha kadibodi, akakifunga kwenye waya.

Mama, mashine ikimulika karatasi, panapopata mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi. Basi nikaukinga mlango kwa kadibodi ile, nikiitikisa kama anayepepea jiko ili isiache alama. Halafu nikafunika baraza kwa viganja, nikaiongezea mbingu mwanga peke yake. Karatasi nilizoharibu ni aibu kuzitaja. Mwishowe nikaitia moja kwenye dawa, ikaanza kutoka: miti ya kando ya ile njia ya zamani ya wapagazi, kisha wewe, umeuma pembe ya khanga, kisha mawingu, taratibu. Na nyuma yako, ndani ya mlango, pakabaki kitu cheupe.

Kanzu.

Ni baba, Mama. Amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama mimi. Na sisi tuliokuwa hatuna hata picha yake moja! Nililia pale pale. Bi Helga akanishika bega.

Tangu hapo sina raha. Alikataa, nasi sote tulimsikia. Lakini chumba kilikuwa kirefu, angeweza kusogea ndani zaidi, naye hakusogea. Mimi siwezi kuamua alitaka nini. Wewe ndiye uliyeishi naye.

Kwa hiyo nimesafisha mbili, zimo humu kwenye bahasha. Ya juu, mlango ni mweusi, kama baba alivyosema. Ya chini, niliyoifunga kwa karatasi ya kaki, yumo. Kaka Rajabu, tafadhali, usiifungue wewe. Mpe Mama mkononi, umwache peke yake.

Nisalimieni wifi na watoto, na shangazi wa Bukene akija na treni. Mwambieni asali yake imeisha siku nyingi, na huku ya namna ile haipo.

Mama, ukiiweka ile ya kaki sandukuni bila kuifungua, mimi sitauliza.

Mwanao,
Zuhura