Maji Miguuni pa Baba

Kwa kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Mdomo, jina ulilonibandika mwenyewe kwa kuwa maneno yangu hayana breki. Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na wanao, ambao nawajua kwa picha tu, magego yameshaota? Sisi huku tu wazima. Mama bado ana wivu na lile gari kuukuu la Baba, mpaka leo analiita mke mwenzangu. Baba naye ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti ndiyo yaliyogoma.

Kaka, nakuandikia nikiwa nimechoka, nimeloa, na nimedharauliwa na gari. Daktari aliagiza Baba apelekwe kila Jumatano kunyooshwa magoti, na yasipigwe baridi hata kidogo, la sivyo atamalizia uzee wake kitandani. Baba akasema ataenda, ila kwa gari lake. Teksi hataki, gari la jirani hataki. Sasa gari lenyewe, mvua ikinyesha, linaingiza maji mpaka vifundoni, na hita ni ile ile iliyokufa mwaka ulioondoka wewe, miaka kumi na mmoja sasa. Jumatano ya kwanza alirudi soksi zinachuruzika, akashindwa kusimama siku nne. Jumatano mbili zilizofuata hakwenda kabisa.

Nikapiga kifua. Nikawaambia kwamba mtu aliyefanya kazi katika miji mitatu, akafukuzwa yote mitatu, hawezi kushindwa na tundu. Nikaanza na mpira wa kioo cha mbele. Nikauvua, nikaupaka gundi nyeusi, nusu yake ikabaki kichwani mwangu. Mvua ikanyesha, maji yale yale. Nikabadilisha mipira ya milango. Milango ikakataa kufunga, Mama akawa anaisukuma kwa makalio, na maji yale yale. Nikasema basi ni ile rejeta ndogo ya hita inayovuja. Kuna fundi aliwahi kunifundisha kwamba maji ya rejeta yana utamu wa ile dawa ya kupozea injini, kwa hiyo nikachovya kidole nikaonja. Kaka, utamu haukuwepo. Yalikuwa na ladha ya viatu vya Baba.

Mwisho nikamwita fundi vioo wa mtaa wa pili, mtu mkimya mwenye masharubu kama brashi. Akalizunguka gari mara moja tu, akaniuliza kama nimefungua kile kifuniko chenye matundu chini ya waipa, pale hita inapovutia hewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: mvua nayo huingia pale, na kuna kibomba cha kuyatoa maji mpaka chini. Kikiziba, maji hujaa kama kwenye beseni, huizamisha feni ya hita, kisha humwagika miguuni. Nikamcheka. Nikamwambia nimetengeneza magari ambayo yeye ameyaona kwenye kalenda tu. Akafunga mkoba wake, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda zake.

Sasa kaa chini, kaka. Nilijua tangu siku ya kwanza pa kutazama. Wiki tatu zote nimelizunguka gari lile kama mwizi anavyoizunguka nyumba aliyoivunja.

Nilikuwa kidato cha pili, mwaka ule elimu iliponishinda, au nilipoishinda mimi. Nilikuwa navuta sigara, na Baba alikuwa ananusa hadi mifuko. Nikazifunga sigara ndani ya tai yangu ya shule, nikazificha chini ya kifuniko kile. Siku moja nilipopeleka mkono, furushi likateleza. Nililisikia likidondoka ndani. Nikanyamaza. Wiki ile ile wewe ulikuwa umeifungua hita na kuitengeneza, ikapuliza joto zuri mpaka Mama akasinzia. Kisha mvua ikaja, feni ikaungua, Mama akatoka garini akikohoa moshi, na Baba akakwambia mbele yetu sote, "Mkono wako usiguse tena kitu changu." Wewe, fundi wa kweli wa nyumba hii, ukafunga begi. Mimi nilisimama mlangoni, na mdomo huu mkubwa ukafungika kwa mara ya kwanza maishani.

Juzi asubuhi nikakifungua kifuniko. Tai ilikuwa imekaba tundu la kibomba, imevimba, nembo ya shule bado inasomeka. Ningeweza kuitupa. Nikaingia nayo ndani ikichuruzika, nikaiweka mapajani mwa Baba, nikamweleza yote.

Hakunipiga, nadhani magoti ndiyo yaliyoniokoa. Aliikamua, akainyoosha juu ya paja, akaitazama mpaka Mama akaacha kumenya viazi. Mimi, kama unavyonijua, nikakosa uvumilivu, nikasema feni mpya naweza kuifunga mwenyewe kesho.

"Hiyo usiiguse," Baba akasema. "Ina mwenyewe."

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama anwani yako ninayo.

Nimemwaga ndoo tano juu ya kioo, na ndani hakuna hata tone. Jana, Jumatano, Baba alikwenda, blanketi magotini, soksi kavu. Ile tai ameitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma, eti kila atakayepanda aniulize ni ya nani. Dashibodi iko wazi tangu nilipoisaka ile rejeta, skrubu nimezipanga kwenye kikombe chako cha zamani, feni iliyoungua inaning'inia kwa nyaya zake. Tangu Baba aseme, sijaigusa.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Nitauomba ukifika, na ukitaka kuanza na kofi, shavu langu unalijua lilivyo pana. Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Mama anasema mje na nguo nzito, maana mke mwenzake bado ana baridi.

Ni mimi mdogo wako, niliyechelewa kusema,
Mdomo