Jino la Wajina Wako

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni hapa mtaa wa Tena, mlango nimeufunga, maana wakinikuta naandikia marehemu watasema nimeshikwa na wazimu. Wacha waseme. Nina woga, na woga wangu wewe ndiye niliyezoea kukuletea.

Ni lile jino la Mwende, mjukuu tuliyempa jina lako. Unakumbuka alipoanguka pale mferejini, jino la mbele likavunjika ncha? Alikuwa na miaka saba. Ukasema, "Hilo ni la utotoni, litaota lingine," ukaokota kipande, ukakirusha juu ya mabati, ukamwombea jino jipya. Nami nilikuwa hapo hapo, nikacheka, nikarudi kufua. Kumbe la utotoni lilikuwa limeshang'oka. Hilo ndilo lilikuwa jipya lenyewe, Mwaitu! Watu wazima wawili, na hakuna aliyemfungua mtoto mdomo akaangalia vizuri.

Miezi ikapita, ufizi ukatunga usaha. Daktari wa meno akanionyesha picha: mzizi ulikuwa haujamaliza kukua. Ncha yake wazi, kuta zake nyembamba kama ganda la yai. Jino likifa mapema hivyo, alisema, haliongezi unene tena. Akalisafisha ndani, akatia dawa nyeupe, na kila baada ya miezi mitatu tukawa tunarudi aibadilishe, mpaka ncha ya mzizi ijifunge. Wewe ukaugua katikati ya safari hizo. Siku ile uliponishika mkono ukauliza, "Jino la wajina wangu limepona?" nikakujibu limepona. Nilikudanganya. Nisamehe. Sikutaka uende na mzigo huo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita ncha ilijifunga. Ai, nilipiga vigelegele mle mle kwa daktari! Akatoa ile dawa, akaliziba moja kwa moja, nami nikadhani limekuwa gumu, si limejazwa ndani kama ukuta uliotiwa simiti? Daktari akatikisa kichwa. Ncha imefungwa, akasema, lakini kuta ni zile zile za mtoto wa miaka saba. Meno ya namna hii ameyaona yakikatika shingoni, pale kwenye ufizi, kwa kitu kidogo tu. Na likikatika hapo, basi tena.

Tangu siku hiyo sina raha hata chembe. Muthokoi wa mahindi na maharagwe nauchemsha mpaka unakuwa uji, baba yake analalamika. Miwa nimepiga marufuku. Akicheza mchezo wa kati na wenzake nasimama mlangoni, mpira ukirushwa nafumba macho. Jumamosi nikamkuta nje anang'ata hindi la kuchoma. Nikampiga kofi mkononi, hindi likaruka mtaroni. Hakulia. Alinitazama tu akasema, "Mathe, siku hizi unaangalia mdomo wangu, mimi huniangalii." Kisha akaufunika kwa kiganja.

Mwaitu, ndipo nikagundua sijamwona mtoto huyo akicheka tangu mvua zianze. Amekuwa akiuficha mdomo, na mimi nikafurahi nikidhani anajitunza! Nikajifungia chooni nikalia.

Najua ungenigombeza. Ungesema nimekuwa askari wa jino, nimesahau mwenye jino. Basi pokea ahadi yangu. Mahindi nitampukuchulia, miwa nitamkatia vipande vidogo atafune kwa magego, na mkono wangu hautampiga tena kwa ajili hiyo. Leo akirudi shule nitamwambia ukweli, kwamba tuliokosea ni mimi na wewe, yeye hana kosa. Woga sitaweza kuutoa, lakini nitaubeba mwenyewe, sitamtwika mtoto.

Pumzika, mama yangu. Nitamwomba Mungu alishikilie jino hilo hadi aolewe, hadi azeeke. Na kama ni lazima likatike, likatike akiwa anacheka.

Binti yako,
Syombua