Bukari ya Kilio

Mujukuu wangu Kaji,

Huku Kapata tuko bazima. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke, analia kwa nguvu sawa wewe zamani.

Unasema umeona tangazo la Serikali la feza za utafiti, ukaogopa, ukaacha kulisoma katikati. Mi nikiwa kijana, karatasi ya kampuni ya migodi ikibandikwa ukutani hapa, ilikuwa ya kufukuza watu kazini. Siku moja Serikali ikabandika ya kwake. Bila kusoma, sisi bamama tukaanza kulia, tukapika bukari ya kilio, ule ugali wa matanga. Kijana mumoja akasoma mpaka chini, akacheka: walitafuta vijana wa kusomea sayansi ya udongo! Tukacheza, tukala bukari yote.

Yule kijana ndiye babu yako.

Soma mpaka chini, mama. Upate ao ukose, bukari nitapika tu.

Nkambo wako