Aliyenifuata Hadi Kinamasini

Nyumbani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili mchana, tarehe tisa.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu yako haivimbi tena baada ya zamu. Ulisema muuguzi mkuu amewaruhusu mkae mnapopanga dawa. Je, viti vimeletwa, au bado mnakalia makreti ya soda? Shemeji kifua kimepona? Na mtoto, jino la pili limetoka au bado anawanyima usingizi?

Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda anausahau na kuanza kutukimbiza. Kaka bado anachomelea milango ya chuma na bado hataki kuvaa miwani, kwa hiyo jioni anarudi na macho kama ya mtu aliyefiwa. Mimi tangu nimalize shule nipo nipo tu. Nasubiri matokeo, napika, nafua, na kazi zikiisha nacheza.

Ndiyo, bado nacheza. Simu uliyoniachia ina ufa kioo kizima lakini inafanya kazi. Na mchezo wenyewe ndio ulionifanya nishike kalamu. Najua shangazi atakuwa ameshakueleza kwamba nimegeuka mwizi. Naomba usikie na upande wangu.

Ulipoondoka tulibaki wanne kikosini: Kaka mbele na ngao, kinyozi wa pale kona na upinde wake, fundi cherehani jirani yetu na mipira yake ya moto, na mimi tabibu nyuma yao. Unakumbuka kwamba mlima wa jitu haufunguki bila watu watano. Basi akaja mwana wa mama mkubwa kukaa kwetu "wiki moja tu", yule tunayemwita Sultani. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Sisi tulimpa nafasi yako.

Dada, yule mtu hapigani. Anaingia nasi langoni, anabonyeza kile kitufe cha kufuata, kisha anaiweka simu dirishani na kuondoka. Mtu wake anamfuata aliyemchagua kama mkia. Na alinichagua mimi, kwa sababu tabibu hukaa nyuma mahali salama. Chaja yangu anaichomoa ukutani ili achomeke yake, nami namwona kwa mlango ulio wazi akilala kwenye kochi, akifunua masufuria, akikata kucha. Jitu likianguka, anakuja mbio kuchukua fungu lake. Mchezo hauulizi nani alitoka jasho. Unagawa kwa waliokuwepo, na yeye alikuwepo, kama kiti kinavyokuwepo.

Niliwaandikia wenzangu. Kaka akasema tuvumilie, ni ndugu. Sultani mwenyewe alipoona maandishi yangu alifungua maiki akacheka: "Bubu ameshtaki kwa barua!" Jina hilo ni lake. Unajua mimi sijawahi kufungua maiki. Nikifikiria watu wanne wananisikia kwa pamoja, narudi kuandika. Lakini wale wengine hawakuwahi kuniuliza kwa nini sisemi. Niliwatibu, wakaandika "asante tabibu", ikatosha. Shule imekwisha na marafiki wametawanyika. Kikosi ndicho mahali pekee nilipobaki na watu wanaonihitaji.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulipanda mlima kugombea pembe ya unahodha, ile uliyokuwa nayo wewe msimu ule. Anayeipata ndiye anayeingiza na kutoa watu. Kinyozi alimwacha mteja na ndevu nusu, upande mmoja laini na mwingine kichaka. Tulimsikia mzee wa watu akilalamika, "Kijana, mimi naenda harusini!" naye akamjibu, "Vumilia mzee, tunakufa huku." Fundi cherehani alishona mkono wa gauni kwenye pindo na hakujali. Mimi vidole viliingia ganzi. Sultani alikuwa jikoni anakaanga mayai.

Jitu likaanguka. Mchezo ukapiga kura yake, na pembe ikamwangukia Sultani.

Alikuja na sahani mkononi, akaona, akaruka. "Mwenye bahati habahatishi!"

Kinyozi akamuuliza, "Ulikuwa wapi sisi tukipondwapondwa?"

"Nilikuwa nalinda mlango."

"Mlango gani? Wa jikoni?"

Tukacheka, hata mimi, peke yangu chumbani. Labda ndicho kilichomuudhi. Akasema: "Basi sikilizeni nahodha wenu. Tukifika mjini, wa kwanza kutoka ni Bubu. Nina rafiki yangu tabibu, tena ana mdomo. Kikosi gani hiki kinatembea na maiti?"

Kaka alibisha, fundi akabisha. Akawaambia asiyetaka aondoke nami. Kisha, Dada, nisikilize vizuri hapa. Huwezi kumtoa mtu mpaka kikosi kirudi ndani ya kuta za mji. Njia ni ndefu, na mayai yalikuwa yanapoa. Akabonyeza kufuata. Kwa mazoea akanigusa mimi. Akaiweka simu dirishani, akaenda kula.

Nilimtazama mtu wake amesimama nyuma yangu, na pembe inang'aa kiunoni. Nikapiga hatua moja, naye akapiga. Nikageuka kushoto, akageuka.

Wengine walichukua barabara. Mimi nilishika ile njia ya mkato uliyonionyesha tulipokuwa tukichuma majani ya dawa, ile ya kinamasini. Unakumbuka ulivyonionya? Tope lile linanyonya uhai kila hatua, na hakuna anayevuka isipokuwa tabibu, maana tabibu anajitibu mwenyewe huku anatembea. Nikawa nakwenda polepole. Hatua moja, najitibu. Hatua nyingine, najitibu. Nyuma yangu mstari wa uhai wake ulikuwa unafupika, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe ambacho kingemwokoa. Miezi yote ile nimemtibu akiwa jikoni. Siku ile sikukigusa.

Alizama katikati. Kutoka jikoni nilisikia kijiko kinagonga sahani, na kutoka dirishani nikasikia simu yake inatoa ule mlio wa kufa. Pembe ikabaki inaelea juu ya tope. Aliyefia nje ya kuta hana chake tena. Atakayeokota ndiye mwenyewe. Niliokota.

Alitoka mbio, yai mdomoni, akaitazama simu, akaniangalia mlangoni. Wenzangu walikuwa wanaulizana kuna nini. Ndipo nikafungua maiki. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikasema, "Umeshiba, Sultani?"

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine ya kunyolea. "Kumbe ana sauti! Na sauti yenyewe ina meno!"

Tulipofika mjini nilimtoa. Sikusubiri hata lango lifungwe.

Sasa amewaambia wakubwa wote kwamba nimemwibia pembe. Mama, ambaye hajui ni pembe ya nini, alidhani ni ya mbuzi, akaniamuru nimrudishie mwenyewe niache aibu. Nikamweleza, akasema tu kwamba mgeni hazamishwi. Sultani naye jana aliosha sahani yake, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaniletea nione. Chaja yangu ameichomeka mwenyewe. Aliniita jina langu la kweli. Dada, nitakuwa mwongo nikikuambia nilimhurumia. Nilifurahi sana. Nikamwambia sahani imetakata, na nafasi haipo.

Haipo kwa sababu ni yako. Uliandika kwamba mwezi ujao mnahamia nyumba zenye mtandao. Bila mtu wa tano mlima hautufungukii, lakini nimewaambia tutakungoja, nimewaambia kwa mdomo wangu, nao wamekubali. Ila ukija, uje na mikono yote miwili. Nakupenda sana, lakini ukisimama nyuma yangu ukabonyeza kufuata, njia ile sijaisahau.

Nisalimie shemeji, mbusu mtoto kwenye hilo jino, na umwambie shangazi nitakuja kumwamkia mwenyewe, asitume mtu kunikaripia. Kaka anakusalimu, fundi anauliza vipimo vyako, na kinyozi anasema yule mzee alifika harusini, ila hajarudi tena dukani.

Mungu akupe viti kazini, usingizi nyumbani, na akuepushe na watu wanaofika chakula kikishaiva.

Wako akupendaye,
Bubu,
Nahodha.