Ni Nani Anayelipia Maji ya Mji Wako?

Bongwe, nyuma ya msikiti,
Ukunda, Kwale.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Swabir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote, niambie hali yako. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unalala na mashine ya baridi ikikupuliza usoni? Na wifi yangu Rukia, hajambo? Issa ameanza kusema, au bado ananyoosha kidole tu kama mfalme? Mpake mafuta ya nazi utosini, msimwachie baridi ya huko Malaysia.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu hulalamika nikiinuka mkekani, lakini mahamri naumua kila siku na wateja hawajanikimbia. Husna anasuka nywele hapa barazani, na mkono wake umekuwa mwepesi, mashaallah. Mama ukiwa na binti mwenye kazi yake hulala vizuri, ijapokuwa siku hizi usingizi wangu una mambo mengine, nitakufikisha huko.

Najua umeshangaa kuona barua ya mkono zama hizi. Husna ndiye atakayeipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, akutumie. Simu nimechoka nayo. Tukizungumza habari za watoto, sauti yako naisikia kana kwamba uko hapo jikoni. Nikitaja shamba la bibi tu, mara inakatika, mara "Dada, sikusikii." Mtandao gani huo unaochagua maneno? Karatasi haikatiki, mdogo wangu.

Vuli imeanza kunyunyiza. Jirani yangu Kache amepata mjukuu wa kike, na furaha yake haina mpaka. Anakusalimu na anasema ukija umletee kanga za huko. Nimemwambia Malaysia hakuna kanga, hataki kuamini.

Sasa tuje kwenye ule mchezo wa simu unaouchora huko kazini, Kisiwa cha Marjani. Husna anapongoja wateja huucheza kwenye simu uliyomletea, nami hukaa kando yake na sinia langu la mbaazi nikitoa mawe. Siku ya kwanza nililia, wallahi. Umeichora Bongwe! Kisima cha bibi na mdomo wake uliopasuka, na nyuma yake safu mbili za minazi, kila mnazi umefungwa mshipi wa chokaa shinani. Nilimwambia kila aliyekuja kununua mahamri kwamba ndugu yangu ametuchora, tuko duniani.

Lakini unanijua. Nikishalia, huanza kuuliza. Katika mji wako kila kitu bure! Mganga anatibu bure, nyumba ya wageni watu wanalala bure, chombo cha kuvukia ng'ambo bure. Nikamuuliza Husna ni nani anayemlisha yule mganga. Akacheka, akasema mama, huu ni mchezo. Haya. Mchezoni mganga hali chakula?

Kache akasema bila shaka ni mfalme, anakusanya kodi. Nikamwuliza kodi ya nani, maana mji mzima sijaona mtu anayefanya biashara isipokuwa yule muuza panga, naye kutwa amesimama palepale. Mimi nina mawazo yangu. Vijana wa bodaboda nawapa kikombe cha kwanza cha chai bure, na kila mtu hunisifu kwa ukarimu. Ukarimu wapi! Nawapa ili waniletee wageni kutoka ufukweni Galu. Basi nikamjua yule mganga wako. Anamtibu shujaa ili arudi pangoni akalete johari. Halafu nikagundua kwamba Husna kila akitibiwa hulazimishwa kutazama tangazo la sabuni mpaka liishe. Nikasema haya, kumbe mganga analipwa na sabuni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kitu pekee nilichokiamini katika mji ule ni kisima. Nacho ni bure, lakini minazi yenye chokaa ilikuwa hapo nyuma yake, na mimi na wewe tunajua maana yake. Bibi Zainabu aliiweka wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, haipeanwi, wala haigemwi tembo. Mkwezi wetu Kenga akishaangua, nazi zinakwenda sokoni Ukunda, na kinachopatikana ndicho kinachonunua tokeni za stima na kumleta fundi wa mota ya kuvutia maji. Ndiyo maana jirani akija na ndoo yake, Mwislamu au Mkristo, haulizwi neno. Chokaa ni ya kumzuia mtu asije kusema hakujua.

Basi mwezi uliopita mchezo ukajitengeneza upya. Husna akaufungua, akafurahia ati kuna mavazi mapya. Mimi macho yangu yakaenda kisimani moja kwa moja. Minazi hakuna! Safu zote mbili! Mahali pake pamesimama nyumba za wageni, nzuri kwa kweli, zina madirisha mekundu na bwawa la kuogelea. Na kisima kipo palepale, na bado bure.

Nikamwambia Husna hebu teka maji. Akateka. Teka tena. Nilimtekesha mchana kutwa, mteja mmoja akaondoka na kichwa nusu kimesukwa, na Husna akalalamika kidole kinamuuma. Nilitaka kuona kitakauka lini. Hakikukauka. Mota haikuungua, stima haikukatika, na hakuna aliyekuja kuuliza. Husna akaniambia hivyo ndivyo ulivyokipanga, hakiwezi kukauka. Lakini moyo wangu haukutulia hata kidogo. Mtu aliyekumbuka kuchora chokaa hawezi kusahau minazi. Aliyeiondoa ameiondoa kwa kujua.

Wiki iliyofuata nikakuta vigingi vyenye utepe mwekundu kati ya minazi ya bibi. Ya hapa, Swabir, si ya mchezoni. Nilimkaripia Kenga wa watu, nikadhani anapima mahali pa kujenga banda lake. Maskini, akaniapia kwamba ni Mramba, yule dalali wa mashamba, aliyekuja na kamba wakati nimekwenda sokoni. Nikamfuata Mramba mpaka kwake. Akaniamkia shikamoo tamu, akanipa kiti, akaniita mama kila neno. Nikajua hapa kuna namna.

Akasema wewe, Swabir, umekubali. Akasema kuna mwekezaji, zitajengwa nyumba za wageni na bwawa, na majirani watapewa mfereji wa maji bure. Nilimwuliza bure ya nani, na mpaka lini. Akatabasamu. Nikamwuliza madirisha yatakuwa ya rangi gani. Akashtuka, akaniuliza ni nani aliyenionyesha ramani.

Hakuna aliyenionyesha, mdogo wangu. Ulinionyesha wewe.

Najua utakalosema, maana najua pia utakavyolisema, taratibu, kwa sauti ile ya kumwelewesha mzee. Utasema minazi ndiyo wakfu lakini ardhi hati yake ina jina lako. Ni kweli. Bibi alikuandika wewe kwa sababu wewe ndiye uliyejua njia ya ofisini, na mimi sikuteta. Lakini mnazi husimama juu ya nini, Swabir? Juu ya hewa?

Na huo mfereji wa bure, nani atakayeulipia? Nimeuliza huku na huku, kila mtu ananijibu "kampuni". Kampuni ndiye nani? Ana mama? Wageni wakipungua Diani, kama tulivyoona wakipungua, hiyo kampuni itafunga bwawa lake au itafunga mfereji wetu? Mimi ningekuwa kampuni ningefunga mfereji, na sisemi hivyo kwa ubaya. Vijana wa boda wakiacha kuniletea wageni, kikombe cha bure nacho kitakwisha siku hiyohiyo.

Naogopa, ndugu yangu. Nasema wazi. Kache alipoolewa hapa alikuwa akifuata maji mbali, mtoto mgongoni, mpaka bibi alipomwita uani akamwambia ateke. Leo ana mjukuu. Sitaki mtoto yule aje kuambiwa kwamba hapa zamani palikuwa na maji. Na zaidi ya hilo naogopa kwa ajili yako. Wewe uko mbali, na bibi yuko mbali zaidi, lakini yeye ndiye utakayekutana naye tena.

Labda nakudhania vibaya. Labda Mramba ni mwongo na hizo nyumba ulizichora kwa kuwa zinapendeza tu. Ningependa iwe hivyo. Ningekuomba radhi mbele ya Rukia, na ungenicheka mpaka tuzeeke. Lakini basi mtandao usingekatika.

Acha nikuambie tulilofanya. Ijumaa baada ya swala walikuja wanawake wote wanaoteka kisimani, Kache mbele na ndoo ya chokaa kichwani, na Kenga akaja na brashi. Vigingi tuliving'oa, Mramba atavikuta mlangoni kwake. Minazi ya bibi tuliitia mishipi mipya, minene, hata kipofu ataiona. Kisha nikawapeleka upande wa njia, kwenye minazi yangu ya urithi. Husna aliniuliza kama nina hakika. Nikachukua brashi mwenyewe. Sasa na yangu ni wakfu, na mashahidi ni Bongwe nzima.

Yako iliyo upande wa ua sikuigusa, wala ardhi sina uwezo nayo. Imesimama bila mshipi, na kila anayekuja kuteka maji anaitazama, halafu ananitazama mimi.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Jibu lako usinipigie simu, maana itakatika. Usinitumie Mramba wala maneno matamu. Irudishe ile minazi mchezoni, mahali pake, nyuma ya kisima, na chokaa yake. Umesema wewe ndiye mwenye kuchora mji ule. Kila Ijumaa Husna atanifungulia, nami nitatazama. Nikiiona, nitajua.

Nisalimie Rukia sana, mwambie ubuyu wake uko njiani. Mbusu Issa mashavu yote mawili. Husna anakuamkia, na anasema umwombee radhi kwa yule mteja wa kichwa nusu. Kenga anakusalimu, amenisamehe. Kache anauliza tena habari za kanga.

Mungu akupe riziki isiyo na majuto, akurudishe nyumbani ukiwa mzima, na ukifika ukute maji.

Ni mimi dada yako, anayekushuku kwa sababu anakupenda,

Twaiba

Chokaa ilibaki nusu ndoo. Nimeifunika jikoni isikauke.