Mpira Ulitoka, na Mimi Niliuona

Fundi Galgalo,

Salaam aleikum. Unajua mimi ni mtu wa kanisa, lakini miaka yote niliyokaa dukani kwako nilikuamkia hivyo kila asubuhi, na sijui namna nyingine ya kuanza na wewe.

Duka liko. Cherehani yako naitumia mimi, na ile yangu ya zamani nimempa Rukia, binti wa dada yako, ambaye anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Kazi nyingi siku hizi ni kubana suruali. Zile za miguu mipana tulizoshona mpaka vidole vikatuuma, watu wanazirudisha tuzipunguze, hakuna anayezitaka tena. Ungecheka. Mama Rukia anakusalimu. Mke wako hajambo, isipokuwa mguu unamsumbua, na ukimwambia apumzike anakukasirikia.

Nimezunguka sana. Nilichotaka kukuambia ni kwamba mji wetu umechukua kombe la wilaya.

Ndiyo, Fundi. Lile ulilolingoja, kila tukishindwa unasema "mwaka ujao", mpaka mwaka ujao ukaja wewe hupo. Habari hii nilipaswa kukuandikia nikicheka. Badala yake imenichukua miezi miwili kushika kalamu.

Ulipokufa, watu wa kamati ya mpira walikuja dukani wakaniambia nishike kibendera chako pale mstarini. Hawakuniuliza kama najua sheria. Mmoja alisema, "Huyu ni mtu wa Galgalo, inatosha." Nilijivuna siku ile. Nilikiosha kile kitambaa, nikakipiga pasi kama shati la harusi.

Fainali tukapangiwa Kulamawe. Watu walicheka mpaka kwenye hoteli za chai. Kulamawe! Vijana wa kuchunga, wanaocheza mpira wakimaliza kunywesha mifugo. Walifika asubuhi juu ya lori la mbuzi, jezi zao rangi tatu tofauti, wengine hawana viatu. Mwalimu wao, Halake, ndiye aliyewafundisha na ndiye aliyebeba maji yao. Watu wetu walikuwa wanabishana kama itakuwa goli tano au sita. Mimi nilisema sita.

Fundi, tulicheza vibaya, vibaya kabisa. Vijana wetu walikuwa wameshashinda kichwani kabla ya kuvaa viatu. Walipiga chenga pasipo na haja, wakaangalia mashabiki kama wanapigwa picha. Wale wa Kulamawe walikimbia tu, na hawakuchoka. Kipindi cha pili walipiga mpira ukagonga mwamba. Kipa wao, anaitwa Wario, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, alikuwa anadaka kila kitu. Tungeshindwa na watu waliokuja na mbuzi.

Zilibaki dakika chache. Kimathi, winga wetu, akakimbiza mpira upande wangu mpaka karibu na kona. Mpira ukatoka. Sikuambii ulikuwa kwenye mstari. Ulitoka wote, chokaa niliiona nyeupe kati yake na uwanja. Wario naye aliuona, kwa sababu alisimama, akainua mkono juu, akanigeukia. Hakuwa anabishana. Alikuwa ananingoja mimi.

Kimathi akauvuta mpira ndani, akaupiga katikati, mwenzake akausukuma kwenye goli tupu.

Refa akaniangalia. Kibendera kilikuwa mkononi, chini. Na mimi, Fundi, nikafanya vile ulivyonifundisha mshika kibendera afanye goli likiwa halali: nikakimbia kuelekea katikati ya uwanja. Refa akapuliza goli.

Unakumbuka ile nusu fainali ya zamani, ulipoinua kibendera dhidi ya timu yetu wenyewe? Mwenye duka la mkabala hakukusalimu karibu mwezi mzima, na watu walipeleka nguo zao kwa fundi mwingine. Nilikuuliza kwa nini usingenyamaza. Hata hukusimamisha cherehani. Ulisema, "Aliotea, Ekiru. Sasa nifanye nini, niseme hakuotea?" Uliona swali langu ni la ajabu tu.

Mimi pale uwanjani nilijiambia nimefanya kwa ajili yako, kwamba ulilitaka kombe hili. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nililichukua jina lako nikajifunikia, na wewe hata huwezi kukataa.

Kombe lilizungushwa, watu wakapiga makofi kama wanaoagana na mgeni. Wengi walijua hatukustahili, hata kama hawakujua ninachokijua. Mwalimu Halake alikuja mpaka nilipo, akanipa mkono. "Wachezaji wangu wanasema ulitoka," aliniambia. "Nimewaambia wanyamaze. Wewe umelelewa na Galgalo. Ukisema haukutoka, haukutoka." Nilimpa mkono wangu, Fundi.

Nyuma yake wenzake walikuwa wanamfokea Wario. Kwa nini alisimama? Nani alimwambia asimame? Hakupanda lori. Alitembea peke yake, lori likamkuta mbele huko nje ya mji.

Nilidhani yataisha. Wiki kama tatu baadaye mama mmoja wa Kulamawe alileta kitambaa cha kushona, Rukia akamuuliza habari za kwao. Akasema mvua kidogo, wanyama si wabaya, na kwamba kipa wao siku hizi anaitwa Mkono. Akipita, watoto wanainua mkono mmoja juu na kusimama kama mti. Hata baba yake mzazi amemwambia ameaibisha watu wake kwa upumbavu. Siku hizi anangoja wengine waondoke kisimani ndipo apeleke mbuzi wake. Yule mama alikuwa anacheka akisimulia. Rukia pia alicheka. Mimi nilijichoma na sindano.

Siku mbili baadaye nilipanda lori nikaenda.

Mwalimu Halake nilimkuta shuleni, anagawa maziwa ya watoto. Nilimwambia palepale mlangoni. Alishusha zile pakiti, akasema, "Si mimi wa kuambiwa," akanionyesha njia ya kisima.

Wario alikuwa anachota, na wanaume wengine wanne wamekaa mbali kidogo kwenye kivuli, wameshamaliza. Nilimsalimia. Alinitambua.

"Ule mpira ulitoka," nikasema.

Aliendelea kuchota. "Uliona?"

"Niliona."

"Na mimi uliniona nikikungoja?"

"Nilikuona."

Akamwaga maji kwenye birika la kunyweshea, mbuzi wakasukumana. Kisha akasema, bila hasira, "Sema tena kwa sauti. Wale hawajasikia."

Nikasema tena kwa sauti. Wale wanaume wakasimama. Mmoja alinitukana kwa Kiborana, na unajua nakielewa, wewe ndiye uliyenifundisha. Wario akaniambia baba yake yuko nyumbani, niende nikamwambie na yeye. Nikaenda. Mzee alisikiliza akiwa amelala kwenye ngozi, akageukia ukutani. Sijui kama aligeuka kwa sababu yangu au kwa sababu ya yale aliyomwambia mwanawe.

Jua lilikuwa kali. Wario alinipa maji ya kunywa kabla sijarudi barabarani. Mkono hakunipa, na sikuuomba.

Nimewaambia Kulamawe, Fundi, lakini hapa mjini sijamwambia mtu. Nimekirudisha kibendera nikasingizia macho. Bado naitwa hotelini kunyweshwa chai, napigwa bega, "Ekiru wetu, mkimbiaji!" Nami nainywa ile chai. Naona nikueleze hivyo hivyo, usije ukadhani safari moja imenifanya mtu safi.

Jumapili hii kuna sherehe ya kombe uwanjani. Watakuwepo wote, na nimeambiwa nitaitwa mbele nishukuriwe. Nakuahidi nitakapoitwa nitasimama na kusema mpira ulitoka, na kwamba niliuona, na kwamba Galgalo hakunifundisha hivyo. Rukia nimemwambia leo mchana, ili nisiwe na njia ya kurudi nyuma. Alilia, kisha akauliza kama watu wataendelea kutuletea nguo. Nilimjibu sijui.

Pumzika, Fundi wangu. Nikirudi Jumapili, vyovyote watakavyonifanya, nitapita kwanza makaburini nikuambie.

Ekiru